Chama cha bustani kinaenda Arboretum ya Nairobi: watu 34, tuangalie nini na turudi na nini?

Katibu_Mtaa

Hamjambo wapenzi wa miti. Chama chetu cha bustani kiko upande wa Embakasi, mashariki mwa Nairobi. Tuko 34, miongoni mwetu wazee watano ambao mwendo mrefu huwachosha na watoto sita wa shule ya msingi. Tumekubaliana kwenda Arboretum, ile bustani ya miti ya Nairobi, siku moja mwezi wa tisa, kabla ya mvua ya vuli, turudi na orodha ya miti ya kupanda mtaani.

Nafasi za kupanda ni tatu. Kuna ukanda wa mita 4 kati ya ukuta wa mtaa na barabara ya ndani, na chini yake limepita bomba la majitaka, kina cha kama mita moja. Kuna uwanja wa watoto, mita 30 kwa 20. Halafu kuna vipande vya mbele ya nyumba, vingi havizidi mita 5 kutoka mlangoni hadi kwenye geti.

Ninachouliza: siku gani inafaa, tugawane vipi ili kila mtu asikie, na tuangalie nini hasa, maana miti ni mingi mno kuipitia yote. Na je, mbegu zilizoanguka chini tunaruhusiwa kuokota? Aliye na maelezo ya kina tafadhali asitubanie.

Mtembezi_Kileleshwa

Katibu, nianze na siku, kwa sababu hapo ndipo safari nyingi huharibikia. Mwisho wa juma Arboretum hujaa. Kuna familia na mikeka yao, wanakwaya wanaorekodi video, wakimbiaji, na waumini wanaosali kwa sauti chini ya miti. Wote wana haki ya kuwa pale, lakini mtu anayeeleza habari za gome la mti mbele ya watu thelathini hatasikika. Nendeni siku ya kazi. Na kwa vile mna watoto, msingoje Septemba shule zikiwa zimefunguliwa. Chukueni wiki ya mwisho ya likizo ya Agosti. Kutakuwa na baridi na mawingu asubuhi, lakini njia zitakuwa kavu, na mtabaki na mwezi mmoja na zaidi wa kuchimba mashimo kabla ya mvua ya Oktoba.

Fikeni saa tatu. Matatu ya abiria 33 haiwatoshi watu 34, kwa hivyo wazee watano waende na gari dogo, tena walitangulie kundi ili wasisubiriwe kwenye lami. Magari ya kutoka Embakasi yakipita Uhuru Highway huingilia Barabara ya State House. Barabara hiyo msafara ukipita hufungwa kwa muda, basi mwekeeni dereva nusu saa ya ziada. Picha za kuelekea upande wa Ikulu msipige, na kamera za kuruka ziacheni nyumbani.

Arboretum iko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS. Mwandikieni barua meneja wa pale wiki mbili kabla, mtaje idadi ya watu, saa na shughuli. Mkileta hema, viti na vipaza sauti, huo ni mkutano, na mkutano una utaratibu wake na ada yake. Mkija na mikeka na daftari, ninyi ni wageni wa kawaida. Ada hulipwa kwa simu, si kwa noti mkononi. Mweka hazina akusanye pesa siku moja kabla na alipie wote kwa pamoja, la sivyo mtatumia dakika 40 getini mkingojea simu 34 zipate mtandao.

Jambo la pili linalowakwamisha watu ni chupa. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja na kutupa zimepigwa marufuku kwenye misitu na mbuga zilizohifadhiwa. Maji ya chupa ya dukani, vikombe laini, sahani za kutupa, vijiko vya plastiki na mirija, vyote havifai kuingia. Kila mtu aje na chupa yake ya chuma au ile ngumu ya kutumia tena. Chakula kiwe kwenye makopo yenye kifuniko cha kufunga kabisa.

Nasema kifuniko kwa sababu ya tumbili na kima. Tumbili ni yule wa kijivu mwenye uso mweusi, kima ni mkubwa kidogo na ana kola nyeupe shingoni. Wote wawili wanajua mlio wa karatasi ya mkate. Msile mkitembea. Kaeni mahali pamoja, watoto katikati, toeni chakula mara moja, mle, mfunge. Mnyama akishanyakua ndizi, mwacheni nayo. Kumnyang'anya ndiko kunakoleta kung'atwa. Na msimlishe hata kama amekaa kwa upole, kwa kuwa anayelishwa leo ndiye atakayemrukia mtoto wa mtu mwingine kesho.

Kuhusu kugawana: kundi lisizidi watu 12. Njia za pale si pana, watu husimama kwa mstari, na aliye wa 15 haoni jani analoonyeshwa wala hasikii. Fanyeni makundi matatu, kila moja na mtu wa kueleza, mtu wa kuandika na mtu wa kupima. Yaanze sehemu tofauti ili yasikutane kwenye mti mmoja. Wazee wawekwe kwenye kundi litakalozunguka karibu na lango tu, ambako ardhi ni tambarare. Upande wa mtoni kuna mteremko na mizizi iliyojitokeza juu, viatu vya soli laini huteleza.

Fundi_wa_Miche

Mtembezi amemaliza ya njiani. Mimi niseme ya miti.

Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 kwa kazi maalum: kujaribu miti ya kigeni ionekane ipi inakua haraka, kwa sababu garimoshi za Reli ya Uganda zilikuwa zikichoma kuni na misitu ya karibu isingetosha. Leo ni ekari 80 hivi, ina zaidi ya aina 350 za miti, ya kigeni na ya kwetu ikichanganyika. Maana yake kwenu ni kwamba pale mnaiona ikiwa mizima, imekomaa, ile ile miche mnayouziwa kando ya barabara ikiwa na urefu wa mkono. Hakuna kitalu kinachoweza kuwaonyesha hilo. Mukinduri kwenye karatasi ya mche (mfuko wake wa nailoni) una majani sita na unapendeza kuuweka dirishani. Mukinduri mzima unapita mita 30 na matawi yake yanatandaa kwa ngazi, kama meza juu ya meza. Mtu akishasimama chini yake hataupanda tena mbele ya nyumba ya mita 5.

Kwa hiyo msiende kuhesabu aina. Chagueni miti 10, au hata 8, na kila mti mwandike mambo manne: urefu, upana wa mwavuli wa matawi, mizizi inavyoonekana mita mbili kutoka kwenye shina, na kinachoanguka chini.

Urefu hauhitaji chombo. Mtu achukue fimbo ambayo urefu wake ni sawa na umbali wa kutoka jichoni mwake hadi kwenye ngumi, mkono ukiwa umenyooka. Aishike wima, arudi nyuma hadi ncha ya chini ya fimbo ikae kwenye kitako cha mti na ncha ya juu ikae kwenye kilele. Hapo aliposimama hadi kwenye shina ndio urefu wa mti, mnapima chini kwa tepu au kwa hatua. Kosa linalotokea ni kusimama kwenye mteremko: ukiwa upande wa bondeni kipimo kinadanganya, ukiwa upande wa juu kinadanganya pia. Tafuteni upande ulio sawa na mti. Watoto wapeni kazi hii, wataifanya vizuri kuliko sisi.

Upana wa mwavuli: mtu mmoja asimame chini ya ncha ya tawi la mbali kabisa upande mmoja, mwingine upande wa pili, mpime katikati yao. Rudieni kwa kukata msalaba, kisha mgawanye jumla kwa mbili. Unene wa shina hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Zungusheni tepu ya fundi cherehani, kipimo mkigawe kwa 3.14.

Sasa miti yenyewe. Siala, Markhamia lutea, ndio wa kwanza kwenye orodha yenu. Hufika mita 10 hadi 15, mwavuli wake mwembamba, maua ya manjano, maganda marefu yanayoning'inia kama kamba. Kwa uwanja wa watoto ni mti mzuri.

Muiri, Prunus africana, mtautambua kwa gome jeusi lililopasuka vipande vya mraba na kikonyo cha jani chenye wekundu kidogo. Okoteni jani bichi lililoanguka, lifikicheni: linatoa harufu ya lozi chungu. Ni mti mkubwa wa msituni. Gome lake linatafutwa sana kwa dawa ya tezi dume, na ndiyo sababu biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Kwa mtaa wenu ni mmoja tu, tena pembeni mwa uwanja.

Muthiga, Warburgia ugandensis, jani lake linawasha ulimi kama pilipili. Hukua polepole, kijani mwaka mzima, na hauangushi takataka nyingi.

Mikinduri ni miwili na watu huichanganya kila siku. Croton megalocarpus, ndio mukinduri niliotaja juu, una jani ambalo chini ni la rangi ya fedha iliyofifia, na tunda gumu kama mbao lenye mbegu tatu. Croton macrostachyus, ambao Wakikuyu huuita mutundu, jani lake ni pana kama moyo, na linageuka rangi ya chungwa kabla ya kuanguka. Ukilipindua utaona vinundu viwili pale kikonyo kinapoungana na jani. Matunda yake ni madogo kama njegere, yamepangana kwenye mkia mrefu. Mpe kila mtu jani moja moja la kila aina mkononi, wala msieleze kwa maneno.

Jakaranda mtaiona. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na kwa Agosti itakuwa bado haijachanua sana, zambarau yenyewe ni Septemba hadi Novemba. Angalieni mizizi yake ikiwa karibu na lami, halafu mfikirie barabara yenu ya ndani. Mgrevilea, wa Australia, jani lililopasuliwa kama unyoya na chini lina rangi ya fedha, unaangusha majani makavu mwaka mzima yanayoziba mifereji ya paa.

Mugumo, wa jamii ya mkuyu, nao uangalieni kwa heshima yake. Mara nyingi huanza kama mbegu iliyoachwa na ndege kwenye uma wa mti mwingine, mizizi ikateremka kama kamba hadi ardhini, ikanenepa na kumkumbatia mwenyeji mpaka akafa ndani yake. Tafuteni mmoja wenye mizizi ya aina hiyo mwusogelee. Mizizi hiyo hiyo ndiyo inayoingia kwenye bomba la majitaka lililo na ufa wa unywele. Na mti huu kwa Wakikuyu ni mtakatifu. Ukishaota mtaani na ukakomaa, kuukata kutaleta ugomvi mkubwa. Bora usipandwe karibu na nyumba tangu mwanzo.

Vibao vya majina visiwape hakika yote. Vingine vimeanguka, na kibao kilicho kwenye mti wa jirani huweza kusomwa kuwa cha mti huu. Kila mti mpige picha sita: umbo zima kutoka mbali, gome, jani juu, jani chini, jinsi majani yanavyokaa kwenye kijitawi (yanakabiliana au yanapishana), na tunda au ua. Programu za simu za kutambua mimea hukosea miti yetu mara nyingi zikipewa picha ya jani moja tu.

Udongo_Mweusi

Fundi amesema vizuri, ila kuna jambo moja kubwa limeachwa, na kwa Embakasi ndilo linaloamua kila kitu.

Arboretum imekaa kwenye udongo mwekundu, wenye kina, unaopitisha maji. Embakasi ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha unavimba na kushika maji wiki nzima, kiangazi unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Tena mvua ya upande wa mashariki ni haba kuliko ya upande wa Kileleshwa, jirani na Arboretum. Mti mliouona umestawi pale si ahadi kwamba kwenu utastawi. Mukinduri, muiri na mgrevilea haitaki mizizi yake isimame majini. Ikipandwa kwenye udongo mweusi ndani ya shimo lenye kina, mwaka wa kwanza inachipua vizuri kwa nguvu ya samadi, mwaka wa pili mvua ya masika inajaza shimo kama karai, majani yanageuka manjano kuanzia chini, na mti unakufa ukiwa umesimama. Watu husema ni mchwa. Mara nyingi ni maji.

Pimeni kabla ya safari. Chimbeni shimo la sentimita 30 kila upande na kina 30. Jazeni maji, yaacheni yaishe. Jazeni tena, na sasa pimeni kwa rula maji yanashuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka chini ya sentimita 2 na nusu, hapo hapapitishi maji. Fanyeni hivyo kila nafasi, maana mitaa mingi ina sehemu zilizojazwa kifusi au udongo mwekundu wa kuletwa na lori, na hizo ni ardhi tofauti kabisa.

Pakiwa hapapitishi, msichimbe shimo la futi mbili kwa mbili kama wanavyofundisha. Legezeni ardhi sentimita 20 tu, kisha jengeni tuta la duara lenye kipenyo cha mita moja na nusu na kimo cha sentimita 30 hadi 40, udongo wa juu ukichanganywa na debe moja la samadi iliyooza kabisa. Mche unakaa juu ya tuta, shingo ya mizizi ikiwa sawa na uso wa udongo. Funikeni kwa nyasi kavu unene wa sentimita 8, lakini nyasi ziwe mbali na shina kwa upana wa kiganja, zikigusa gome litaoza. Matandazo haya ndiyo yanayozuia nyufa. Ufa ukipita kwenye mche mchanga hukata mizizi midogo kama kisu.

Kwa udongo huo, mgunga wa manjano, Acacia xanthophloea, ndio unaovumilia maji kuliko mingi. Una miiba mirefu meupe na matawi yanayovunjika kwa upepo, kwa hiyo uwekwe pembe za mbali za uwanja, si juu ya bembea. Na kwa vile unapenda maji, hautakiwi popote karibu na bomba. Siala huvumilia mfinyanzi ikiwa maji hayatuami, basi ipandwe juu ya tuta.

Ukanda wa ukutani wenye bomba usipandwe mti wowote mkubwa. Pandeni vichaka: Dodonaea, ambayo inakatika vizuri kuwa ua, au mtandamboo wenye tunda dogo jeusi linaloliwa. Mtandamboo una miiba, uwe upande wa ukuta na si upande wa njia. Na mfikasi wa majani madogo yanayong'aa, ule unaonyolewa kama mpira mbele ya mageti ya Nairobi, usiingie hapo kabisa, hata bure. Unaishi kwenye ndoo miaka mitatu, ukishapelekwa ardhini unalifuata bomba.

Katibu_Mtaa

Asanteni sana. Nimeandika yote. Sikujua kuwa tofauti ya udongo ni kubwa hivyo, tutapima mashimo wiki hii.

Yamebaki mawili. Swali la mbegu halijajibiwa. Na wanachama wanauliza kama ni lazima tuote miche wenyewe au tununue, maana bajeti ni ndogo na tunahitaji kama miche 60.

Mama_Mbegu

Katibu, Arboretum ni msitu uliohifadhiwa. Kuokota mbegu, kuchuma matunda, kung'oa miche iliyojiotea chini ya mti, yote yanahitaji ruhusa ya KFS. Kama mnataka, liandikeni kwenye ile barua ya meneja mtaje aina na kiasi. Msilifanye kimyakimya hata kama mbegu ziko ardhini zinaoza.

Lakini hata mkiruhusiwa, mimi singewashauri mtegemee mbegu za pale. Kwanza, mti mmoja ukiwa peke yake wa aina yake, mbegu zake nyingi huenda zimejichavusha wenyewe na miche hutoka dhaifu. Mbegu nzuri hukusanywa kutoka kwenye miti mingi iliyo mbalimbali. Pili, miti mingine ina ya kiume na ya kike, kwa mfano muhugu na podo, na mbegu nyingi za muhugu mkizipasua mtazikuta ni ganda tupu. Kituo cha mbegu cha KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, kilichoko Muguga huuza mbegu zilizopimwa, na watawaambia msimu upi zinapatikana. Ulizeni mapema, kwa kuwa baadhi hazitunziki.

Hapo kwenye kutotunzika ndipo wengi hupoteza pesa. Mbegu za muiri na muthiga zikikauka zimekufa. Tunda la muiri likiiva hugeuka rangi ya damu ya mzee. Ondoeni nyama kwa kusugua kwenye kichungio chini ya maji, anikeni kivulini muda wa kupukuta maji tu, mpande siku hizo hizo. Zikianikwa juani kama maharagwe, hakuna itakayoota. Mbegu za mukinduri zina mafuta na huchacha, nazo zipandwe mbichi. Mbegu za siala zina mabawa membamba kama karatasi: zitandazeni juu ya mchanga laini, zifunikwe kidogo tu, zimwagiliwe kwa kopo la matundu madogo, wiki mbili hadi tatu zinachomoza. Zikifukiwa kina cha kidole hazitoki.

Za mgunga ni kinyume, ganda ni gumu na zinakaa miaka. Chemsheni maji, yaondoeni motoni, zimwagieni, ziacheni humo hadi kesho yake. Zilizovimba pandeni. Zisizovimba zikateni ncha kwa kikata kucha, upande ulio mkabala na kijicho (doa pale mbegu iliposhikana na ganda la tunda), mzirudishe majini. Msizichemshe mbegu juu ya moto.

Kwa ratiba yenu, kuotesha wenyewe hakuwezekani kwa vuli hii. Mche wa kupandwa nje unatakiwa uwe na sentimita 30 hadi 50, na kwa aina nyingi hiyo ni miezi kadhaa kitaluni. Nunueni ya Oktoba hii, na otesheni ya masika ya mwakani kwa kufidia itakayokufa.

Fundi_wa_Miche

Naongeza la kununua, Katibu, kwa sababu miche 60 mibaya ni hasara ya miaka kumi.

Usichague mrefu. Mche mrefu kwenye karatasi ndogo umekaa sana, na mizizi yake imejizungusha. Shika karatasi kwa chini uipindue. Mzizi mnene ukiwa umetoboa na kuingia ardhini kitaluni, muuzaji ataung'oa kwa nguvu mbele yako, na mche utanyauka ndani ya siku tatu. Mwombe akuruhusu kukata karatasi ya mche mmoja katika kila kundi, ulipie huo. Ukikuta mzizi mkuu umepiga kona kama mkia wa nguruwe, kundi zima liache. Mti wa namna hiyo husimama vizuri miaka minne, mitano, kisha unaanguka kwenye upepo kwa kuwa mizizi ilijinyonga yenyewe.

Mche mzuri ni ule ambao shina lake ni nene kama penseli, jani la chini bado lipo, na ukiushika kwenye shingo ukautikisa, udongo wote unatikisika pamoja nao. Siku ya kupanda kata sentimita moja ya chini ya karatasi pamoja na mizizi iliyojikunja hapo, pasua ubavu kwa wembe, toa karatasi yote. Karatasi ikizikwa na mche, mizizi hubaki humo ndani.

Kwa mwagilio, kiangazi cha Januari na Februari mpeni kila mche lita 10 mara moja kwa wiki, polepole, asubuhi. Kikombe kimoja kila siku hulowesha juu tu na mizizi hupanda kuyafuata.

Mtembezi_Kileleshwa

La mwisho upande wangu, Katibu: kwenye ile barua ya meneja uliza kama kuna afisa wa misitu anayeweza kutembea na kundi moja, na taja kwamba mna wazee. Mkipewa, mpeni kundi la wazee, maana ndilo litakalokaa chini ya mti mmoja nusu saa nzima na kuuliza maswali. Na kila mtu abebe sweta. Saa tatu asubuhi mwezi wa Agosti, chini ya ile miti mikubwa, jua halijafika chini.